Nigeuze HiAce ya plastiki iwe pikapu ya samaki: nianze kukata wapi?

Mwana wa Barani, Malindi

Asalaam aleikum ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa.

Mjomba wangu aliye kazini Doha amekuja likizo na kuniletea boksi la modeli: Toyota HiAce ya Aoshima, plastiki, kipimo cha 1/24. Ni HiAce ya umbo lililotoka 2004, ile ambayo stendi wanaiita shaki. Ndani mna bodi nyeupe ya kipande kimoja, chasi, viti, vioo, magurudumu yenye mpira, na fremu zilizojaa vipande vidogo vidogo. Injini haimo, na mimi siihitaji.

Sitaki kuiunga kama ilivyo kwenye picha ya boksi. Nataka iwe pikapu ya samaki, kama zile zinazoingia mjini asubuhi kutoka Ngomeni na Mayungu, kreti zimepangwa hadi juu na maji ya barafu yakiacha mstari barabarani. Marehemu babu aliendesha gari la kazi hiyo hiyo, HiAce ya zamani yenye nyuma wazi. Picha tunayo, amesimama mguu mmoja juu ya bampa. Gari lenyewe lilikwisha kuwa chuma chakavu kabla sijazaliwa. Natamani nitengeneze kitu ambacho mama akikiona atajua ni cha nani, ijapokuwa sura ni ya shaki ya leo.

Kazi yangu ni kutengeneza simu, kwa hiyo vitu vidogo nimevizoea na bisibisi, koleo na taa ya kukuzia ninazo. Kwa kukatia nina msumeno wa chuma wa kawaida na wembe wa kisu. Gundi ni supagluu tu.

Nimeishika bodi nikaibana kwa vidole. Naona nguvu yake yote iko kwenye paa. Nikiliondoa paa la nyuma, kuta si zitafunguka? Na je, nikate kuta zote hadi sakafuni nijenge sanduku la mbao kama la babu, au niziache nusu? Plastiki ya kuzibia mgongo wa kichwa cha gari nitaipata wapi hapa Malindi? Bodi ninayo moja tu, kwa hiyo nauliza kabla ya kugusa.

Fundi Bodi, Maweni

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Mchana nanyoosha bodi za magari ya kweli na usiku naunga za plastiki, na kanuni ni moja. HiAce haina chasi ya ngazi kama lori. Paa, kuta na sakafu ndizo zinazobebana. Ukilikata paa la gari la kweli bila kurudisha chuma mahali pengine, baada ya muda milango ya mbele haifungi. Kwenye plastiki, kuta zitapanuka siku utakayoanza kupiga msasa, na sakafu uliyokata kwa kipimo itakataa kukaa. Hofu yako ni ya haki.

Basi usikate kitu kabla ya kufunga. Igeuze bodi juu chini. Zile fremu zinazoshika vipande usizitupe: kata vijiti vya urefu sawa na upana wa ndani, vibandike kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Kimoja nyuma kidogo ya milango ya mbele, kimoja katikati, kimoja karibu na mlango wa nyuma. Vyote vikae chini ya mstari utakaokata. Pima upana wa nje kabla ya kubandika na baada yake, usiwe umevuta kuta ndani. Vijiti hivi vitakaa humo mpaka sakafu ya sanduku iingie na kukauka kabisa.

Sasa vipimo, maana pikapu huharibika kwa vipimo kuliko kwa msumeno. Shaki ya kawaida ina urefu wa milimita 4695, upana wa 1695, na kutoka ekseli hadi ekseli ni 2570. Gawa kwa 24 upate karibu 196, 71 na 107. Mahali pa mzigo, nyuma ya viti vya mbele, gari la kweli lina mita 3, ambazo kwako ni milimita 125. Hilo ni sanduku refu kuliko pikapu nyingi za barabarani, kwa sababu dereva wa HiAce amekalia injini na pua hakuna. Kwa hiyo chasi usiirefushe wala kuifupisha. Wengi huona kichwa kifupi na mgongo mrefu wakaingiwa na hamu ya kusogeza ekseli. Wacha. Urefu huo ndio unaofanya ionekane gari la kazi.

Mstari wa kwanza ni wa kusimama, nyuma ya nguzo ya mlango wa mbele. Mlango wa kusukuma unaanzia hapo hapo na ufa wake umechongwa kwenye plastiki. Usikate ndani ya ufa wenyewe. Rudi nyuma milimita 2, kata hapo, halafu nyoosha kwa msasa bila kuufikia ufa. Huo ukingo mdogo unaobaki ndio utakaoshika ukuta mpya wa mgongo wa kichwa. Upande ambao hauna ufa, hamisha kipimo kwa selotepu ya karatasi inayozunguka juu ya paa, na uiangalie kwa nyuma kama imekaa sawa kabla ya kuamini macho ya ubavuni.

Mstari wa pili ni wa kulala, na hapa ndipo swali lako la kuta. Sanduku la mbao ni rahisi zaidi na ndilo la babu yako. HiAce ilipotoka 1967 Toyota waliiuza na pikapu pia, kwa hiyo gari la mzee lingeweza kabisa kuwa limetoka kiwandani hivyo. Hata hivyo mimi nakusihi uziache kuta. Shaki ukiitoa ubavu wote inabaki kichwa kilichobandikwa juu ya ubao. Madigadi ya nyuma yanapotea, na yale madigadi ndiyo yanayoifunga nyuma na mbele kuwa gari moja. Kata chini kidogo ya madirisha, na kabla ya kuchora angalia taa za nyuma. Ni ndefu, zimesimama kwenye pembe. Mstari upite juu yake, taa zibaki nzima. Ukiwa na taa zake na bampa yake, hakuna atakayeuliza hili ni gari gani.

Msumeno wa chuma uweke kando, meno yake ni makubwa mno. Toboa kwanza kitundu kidogo kila kona ambapo mistari inakutana, ufa usije ukakimbia. Kisha tumia mgongo wa wembe, si makali. Uburute juu ya mstari taratibu, mara nyingi, na plastiki itatoka kama uzi. Kwenye kona za nguzo ambako wembe hauingii vizuri, pitisha uzi wa nailoni wa kushonea kwenye kitundu, uvute huku na huku. Unakula plastiki bila kuipasua.

Ukimaliza kukata utabaki na reli ya mlango wa kusukuma ubavuni na ufa wa mlango usio na mlango. Zibe vyote. Pikapu yenye ufa wa mlango katikati ya sanduku inasema wazi kwamba ilikuwa matatu. Detroit palikuwa na ndugu wawili, Mike na Larry Alexander, waliochukua pikapu ya Dodge A100, nayo dereva wake anakaa juu ya magurudumu ya mbele kama wa HiAce, wakaifanya gari la maonyesho waliloliita Deora. Ilitwaa tuzo ya Ridler, ya maonyesho ya magari ya Detroit, mwaka 1967 na kampuni ya modeli ya AMT wakaitolea modeli ya 1/25. Ukiitazama Deora, uzuri wake ni ubavu usio na mlango hata mmoja; mistari imepita moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma. Wewe hujengi gari la maonyesho, lakini ubavu safi utakufaa vile vile.

Kuziba, tumia filla ya magari, ile ya kuchanganya na hadina. Safu nyembamba, kavu, msasa, tena. Filla inayokauka kwa hewa tu hunywea baada ya wiki na ufa unarudi chini ya rangi.

Mpwani77, Watamu

Plastiki: kasha za CD za zamani. Zile ngumu za kung'aa ni polistirini, jamii moja na modeli yako, na kila nyumba bado ina rundo la CD za taarabu zisizopigwa tena. Ni ngumu na huvunjika ukiilazimisha; ikwaruze mstari kwa wembe kisha ivunje kwenye ukingo wa meza. Kwa vipande vya kukunja, tafuta vikombe vya yogati na vijiko vya karamu vyenye namba 6 ndani ya pembetatu. Vyenye namba 5 usihangaike navyo, gundi ya modeli haivishiki.

Bi wa Sokoni, Malindi

Mimi modeli sizijui ila samaki nimeuza miaka, na magari hayo nayapokea kila alfajiri. Kijana, ukitaka lionekane la samaki, usilichafue kila mahali. Pikapu ya samaki inaoshwa kila siku, kichwa chake mara nyingi kinang'aa. Kutu iko chini. Maji ya chumvi yanashuka kutoka kwenye barafu, yanatulia kwenye kona za sakafu ya nyuma, na hapo ndipo panapooza kwanza: ukingo wa chini wa sanduku, nyuma ya madigadi, na chini ya mlango wa nyuma. Wenye magari wengine hutoboa tundu kwenye kona ili maji yatoke, na chini ya tundu hilo utaona mstari wa kutu umeshuka hadi kwenye bampa.

Mlango wa nyuma huwa haufungwi kwa kitasa chake tena. Ni kamba au mpira wa tyubu. Turubai nalo ni la buluu au kijani, limekunjwa nyuma ya kichwa, halikai limetandazwa wakati gari tupu. Na kreti zisiwe za rangi moja, kwa sababu kila mchuuzi ana zake na anazijua.

Mchonga Madau, Amu

Nduyangu wa Malindi, salamu kutoka Amu. Hapa kwetu kisiwani magari ni ya kuhesabu, barabara inaishia Mokowe ng'ambo, lakini vyombo vidogo vya mbao ndiyo kazi yangu, majahazi na madau ya kuweka mezani. Nimesoma maneno ya fundi hapo juu na nayaunga mkono kwa jambo la kufunga kwanza. Chombo bila mataruma, zile mbavu za ndani, hupinda ubao mmoja ukauvuta mwingine, na bodi yako ni hivyo hivyo.

Nina neno juu ya sakafu. Fundi amekwambia uache kuta za plastiki, sawa, lakini sakafu tia mbao za kweli. Plastiki iliyochorwa mistari haifanani na ubao hata uipake rangi vipi, na picha ya babu yako bila shaka ina mbao. Hesabu ni hii: kwa 1/24, ubao wa inchi moja unakuwa milimita 1 na kidogo. Kijiti cha aiskrimu kina unene wa milimita 2 na upana wa 10, yaani kwa gari la kweli ni ubao wa sentimita 5 kwa 24, gogo si ubao. Upasue kwa urefu upate mbao mbili, halafu upunguze unene kwa msasa uliogundishwa juu ya kioo. Usiusugue ubao juu chini. Uvute upande mmoja tu, kufuata nyuzi zake.

Chini ya mbao weka kipande cha plastiki kizima, hicho ndicho kitakachoshika kuta badala ya paa. Mbao ni za macho. Ziache na nafasi ya unene wa karatasi kati yake, na usizipake rangi. Chai nzito bila maziwa, mara moja, kisha jua. Mbao zinazokaa na maji ya chumvi huwa kijivu, kwa hiyo ukiwa na majivu laini sugua kidogo kwa kidole mwisho wa kazi.

Na kimo cha sakafu? Ishushe chini uwezavyo. Volkswagen walipotoa pikapu yao mwaka 1952 sakafu ilibidi iwe juu kwa sababu injini ilikuwa nyuma, wakatumia nafasi ya chini yake kuwa kabati. HiAce injini iko mbele chini ya viti, nyuma hapana kinachoizuia isipokuwa ekseli. Sakafu ya juu juu itayameza madigadi kwa ndani, na hayo madigadi yakionekana yametokeza ndani ya sanduku ndipo mtu ataamini mzigo unaingia humo kweli.

Ndoano za kamba, waya wa shaba wa chaja ya simu. Wewe huna shida nao.

Mwana wa Barani, Malindi

Ahsanteni sana wakubwa zangu. Bi wa Sokoni, hilo la tundu la maji sikuwahi kuliwaza na nitaliweka, pamoja na kamba ya mlango. Ndugu wa Amu, picha nimeitazama tena kwa taa na kweli ni mbao, tano kwa upana, na moja imevunjika mwisho. Nitaivunja vivyo hivyo.

Mistari nimekwisha kuichora kwa penseli na vijiti vitatu vimeshabandikwa. Kuta naziacha.

Yamebaki mawili. Mgongo wa kichwa nautengeneza kwa kasha la CD. Nataka uwe na dirisha. Nikate tundu halafu nibandike kioo, au niache kasha lenyewe liwe kioo na nipake rangi pembeni? Na rangi: jirani ana kompresa na anapaka magari, anasema ataipuliza kwa mabaki ya rangi nyeupe aliyonayo. Naogopa thina. Halafu kusi imeshaanza na mvua zinakuja na kupita.

Fundi Bodi, Maweni

Tumia kasha lenyewe, wazo lako ni zuri. Bandika selotepu ya karatasi mahali pa dirisha pande zote mbili, kona zikatwe mviringo kidogo, kisha rangi ipite. Ukitoa selotepu kioo kimo ndani ya ukuta bila kiungo. Unene wa kasha ni milimita moja na ushei, ambao kwa gari la kweli ni karibu sentimita 3, kwa hiyo usiache ukingo wake uonekane popote. Ufiche nyuma ya zile milimita 2 nilizokwambia uziache. Ukuta huo usiubandike kwa supagluu. Mvuke wake hutia ukungu kwenye plastiki ya kung'aa na haufutiki. Agizia gundi ya modeli, ile nyepesi ya kupaka kwa brashi, inayoyeyusha plastiki mbili ziwe moja. Iingie kwa ndani tone kwa tone, itajivuta yenyewe kwenye ufa. Vile vioo vingine vya boksi vishike kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani. Kioo cha ubavuni kikiwa kipande kimoja hadi nyuma, kikate kwa uzi, wembe utakipasua.

Rangi ya jirani inafaa, lakini thina ya magari inakula polistirini tupu. Utaona uso umekwaruzika kama umepigwa mchanga. Kinga yake ni praima, ile rangi ya msingi inayotangulia, na praima yenyewe ipulizwe kavu: mbali kidogo, vumbi la rangi tu, subiri, tena. Safu mbili tatu hivyo bila kulowesha, ndipo ufunike vizuri. Mwambie jirani apunguze presha na asilipulize kama anapaka bonati. Kwanza ajaribu kwenye lile paa ulilokata. Hilo paa ni plastiki ile ile na sasa halina kazi nyingine.

Hali ya hewa usiipuuze. Rangi ya thina ikipulizwa hewa ikiwa na maji mengi, uso unapata weupe wa maziwa na mng'ao unakufa. Mei hapa Malindi ndiyo mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, kwa hiyo subiri siku kavu, upake asubuhi jua likishapanda na kabla upepo haujaanza kuinua mchanga. Ndani ya banda, si uani. Bodi ilale ndani ya boksi lililofunikwa mpaka kesho yake.

Ukifika kwenye alama, mstari wa njano usitie, huo ni wa matatu. Nyuma tia vipande vinavyong'aa vya nyekundu na njano na kibandiko cha 80 KPH. Namba ya mbele iwe nyeupe na ya nyuma njano, herufi nyeusi, karibu milimita 22 kwa 5. Duka lolote la kuchapisha stika litakutolea. Kama namba ya gari la babu inasomeka kwenye ile picha, iandike hiyo hiyo.